Mama Saiba na Kidole cha Kalama

Mtu wa kwanza niliyemwona akiifunika kompyuta kwa kitambaa cha krosheti na kuiambia "haya, lala" ni jirani yangu wa dukani. Miaka yote niliyofanya kazi nimetenganishwa naye na ukuta mmoja tu, sikuwahi kumwita jina jingine ila Mama Saiba. Wateja walimwita hivyo, mwenye nyumba alimwita hivyo, na hata wenzake wa kanisani wakimpigia simu walianza na "Mama Saiba, Bwana asifiwe." Jina la nyumbani analo, bila shaka. Mimi sikuwahi kulihitaji.

Saiba yake, yaani duka la huduma za kompyuta na mtandao, ilikuwa chumba cha tatu kwenye kijia cha maduka kilicho nyuma ya soko la Machakos. Changu kilikuwa cha nne, na kazi yangu ni kushona sare za shule. Yeye alikuwa na kompyuta nne, printa moja yenye hasira, na benchi la kusubiria zamu. Waliokaa hapo walilalamika kwamba cherehani yangu inawapigia kelele. Sikuwajibu, kwa sababu mtu anayesubiri kujaziwa mambo ya serikali mtandaoni ana haki ya kumchukia yeyote aliye karibu.

Kwake hukuweza kuingia na kutaja shida yako papo hapo. Vijana walijaribu.

"Niaje, Mama Saiba, niprintie hii kitu haraka, niko na gari inangoja."

"Habari ya asubuhi."

"Poa, poa. Iko kwa imeli..."

"Habari ya asubuhi."

Hapo kijana alielewa, akavua kofia, akaanza upya. Naye akishajibiwa hakuishia hapo. Aliuliza mama anaendeleaje, mvua imefika kwenu, yule ng'ombe aliyekuwa akikohoa amepona? Nakumbuka mtu mmoja wa Kangundo aliyeachwa na gari akiwa bado anajibu habari za ng'ombe. Alirudi akakaa kwenye benchi, akaulizwa sasa habari za gari.

Hakuwahi kusema uongo, na jambo hilo lilitusumbua sote. Mtu akija kuandikiwa barua ya kuomba kazi akasema ana uzoefu wa miaka mitano, Mama Saiba aliinua miwani. "Mitano kabisa? Si wewe ulimaliza fomu foo juzi?" Na hakuandika. Wengi walihamia saiba iliyo ng'ambo ya barabara, ambako kila mtu alikuwa na uzoefu.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Aliwahubiria wateja kwamba neno la siri ni siri, usimwambie hata bwana yako. Kisha printa ikikwama akiwa ameinama chini ya meza, alinipigia kelele kupitia ukutani, "Fundi! Niingizie paswadi hapo, ni mbuzi nne saba mbuzi!" Benchi zima likasikia. Wauza nyanya wa sokoni wakasikia. Nilimwambia abadilishe, akabadilisha, kisha akanitangazia ile mpya kwa njia ile ile.

Kwenye simu nako alizungumza kwa sauti ya kumfikia mtu bila simu. Mtu akiwa Mlolongo alipaza kidogo, akiwa Mombasa alisimama kabisa. Na nyumbani kwake alikuwa ameifungia rimoti ya televisheni kabatini. "Mtu ako na miguu mbili," aliniambia. "Asimame aende abadilishe. Rimoti ndiyo imeharibu wanaume." Alinitazama mimi aliposema wanaume, na mimi hata televisheni sina.

Sasa nieleze yaliyomfikisha mtu huyu wa kuchukia rimoti mahali pa kuunda yake mwenyewe, tena kubwa kuliko zote nilizowahi kuona.

Mama yake alikuwa akiishi kijijini Kalama, peke yake na mbuzi zake. Sote kwenye kijia tulimwita Susu, maana yake nyanya au bibi kwa Kikamba, ingawa wengi wetu hatukuwahi kumwona. Mvua za Novemba zilipoanza, Susu aliteleza kwenye matope akitoka zizini, akavunjika nyonga. Alilazwa, akafungwa plasta, akatolewa. Daktari akasema hawezi kuachwa peke yake hata siku moja mpaka aweze kutembea tena. Wanawe wa kiume walikuwa mbali, na mchango wao ulikuwa kutuma salamu. Mama Saiba ndiye binti wa pekee.

Alikuwa amemwomba mama yake ahamie mjini tangu nimfahamu. Nilimsikia akimwomba kwenye simu, na kwa sauti ile yake, soko zima lilimwomba pamoja naye. "Mwaitu, kuja town ukae na mimi! Hospitali iko karibu, maji iko kwa mfereji!" Jibu lilikuwa lile lile kila mara, na alituambia akiwa amekasirika. Susu alisema mjini ni mawe na moshi, na kwamba hawezi kuacha watu wanaomjua kwenda kuzeekea kwa mawe.

Basi ilikuwa lazima yeye ndiye aende Kalama. Na hapo ndipo palipokuwa na mtego, kwa sababu ya mwenye nyumba wetu.

Mwenye nyumba tulimwita Haji. Ukoo wake ulitoka pwani zamani sana, ukakaa Machakos mpaka ukatushinda hata kwa Kikamba, ila Kiswahili chake kilibaki na unyoofu wa huko. Kila asubuhi baada ya chai yake alipita mlango kwa mlango akisalimu. Alipokukabidhi ufunguo alikuambia sharti lake kwa mdomo, wala hakukutaka utie sahihi popote. "Mimi nakodisha kwa watu. Nikipita asubuhi nataka kuitikiwa na mwenyewe. Nisipoitikiwa, nitajua chumba kimekuwa ghala, na ghala sikodishi." Sharti hili lilikuwa na asili yake. Mpangaji mmoja wa zamani alifungia magunia ya vitunguu chumbani akatoweka. Vitunguu vikaoza, na kijia kizima tulilia wiki nzima bila kufiwa.

Na chumba kilikuwa tayari na mtu wa kukitaka. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye bucha Mlolongo, anayewalisha madereva wa malori pale kwenye mizani, naye alikuwa amekipenda chumba cha tatu. Alifika siku ile ile habari za Susu zilipofika. Akamsalimu Mama Saiba kwa huzuni nzuri sana, kisha akaja kwangu kuniomba futi yangu, ile ninayopimia mabega ya watoto. Nilimpa bila kufikiri. Akaenda kupimia mahali pa kutundika ndoano.

Nitasema ukweli kuhusu upande wangu. Mimi nashona mashati meupe. Weka bucha kando yangu, halafu fikiria nzi. Kwa hiyo nilipomhurumia Mama Saiba nilijihurumia na mimi kidogo, na sioni aibu.

"Fundi," aliniambia jioni hiyo akikunja vitambaa vyake, "nikienda Kalama duka imeenda. Nikikaa hapa, Mwaitu ataanguka tena na hakuna mtu. Sasa nijigawe namna gani?"

"Andika msichana."

"Nilishaandika mmoja. Alikuwa anasalimia watu akiangalia simu."

Hakuwa anatania. Alikaa kwenye benchi lake la wateja, akavua miwani akapangusa macho, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule hana la kuniuliza. Iliniuma.

Siku chache baadaye kifurushi kikaja, akakifungua juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa bila kuniomba. Kulikuwa na kompyuta ndogo ya kutoshea kiganjani, vipande viwili vya plastiki, na waya nyingi. Alikuwa ameona mtandaoni watu wa nchi nyingine wakijiundia vyombo vya kuendesha kompyuta wakiwa mbali. Kipande kimoja kinanasa kile kinachoonekana kwenye skrini na kukituma. Kingine kinaingizwa kwenye kompyuta kubwa mahali pa kibodi. Yeye akiwa Kalama ataona skrini ya hapa na kuandika hapa.

Nilimwambia nimesikia kuna programu za kufanya hayo bila waya zote hizi, nami nilitaka meza yangu.

"Hizo programu zinafanya kama kompyuta imeamka," alisema. "Na ikikataa kuamka? Mimi nataka niione hata ikiwa imezirai. Hii ndogo inajifanya kibodi. Ile kubwa inafikiria kuna mtu amekaa hapo anabonyeza."

"Kwa hivyo inadanganya," nikasema.

Nilisema kwa utani. Lakini uso ulimbadilika, akachomoa waya, akakusanya vipande vyote ndani ya karatasi, akaondoka. Siku nne kazi ikasimama. Susu alikuwa ameachiwa jirani wa muda kule Kalama, bwana wa bucha anapita kila asubuhi, na Mama Saiba hawezi kuunda mashine kwa sababu mashine ni mwongo. Nilitamani kujikata ulimi kwa mkasi wangu mwenyewe.

Mwishowe alilipeleka jambo hilo kwenye ushirika wa kina mama kanisani. Walijadili, waliomba, na nasikia chai ilinywewa mara mbili. Mama mmoja akasema mkono ukiwa ndani ya glavu bado ni mkono wako. Kesho yake asubuhi waya zilirudi juu ya meza yangu, na hakuna mtu aliyenishukuru kwa kunyamaza.

Shida iliyofuata ilikuwa stima. Kwetu stima hupotea na kurudi inavyotaka, na ikirudi, kompyuta yake kubwa ilibaki imelala mpaka mtu abonyeze kitufe. Akaunda kidole. Alichukua mota ndogo, akaifunga na biro yangu nyekundu ya kuandikia vipimo, akaipachika kwenye kipande cha mbao mbele ya kitufe. Akitoa amri, biro inasogea na kubonyeza. Tulikijaribu yeye akiwa nje ya kijia na simu, mimi ndani. Mara ya kwanza kidole kilisukuma kompyuta nzima nyuma mpaka ukutani. Mara ya pili nilikuwa nimeinama kukaza skrubu.

"Imebonyeza?" alipiga kelele, na simu haikuwa na kazi yoyote, nilimsikia kwa masikio.

"Imenibonyeza mimi! Kwa shavu!"

"Hata hiyo ni kubonyeza. Rudisha nyuma kidogo."

Sasa vumbi. Kijia chetu kina vumbi, na panya wanaopenda waya. Ile kompyuta ndogo ilihitaji nyumba, na nyumba hiyo ndiyo iliyotufedhehesha. Mama Saiba alikuwa na hotpoti nzuri ya maua, zawadi ya kina mama wa kanisa, ambayo hutolewa akija mgeni wa maana tu. Aliona hakuna chombo chenye heshima zaidi nyumbani kwake. Akatoboa tundu kwa msumari wa moto, akapitisha waya, akaiweka kompyuta ndogo ndani juu ya kitambaa cha krosheti, akakaza kifuniko. Mimi nilikisifu. Nilisema inapendeza, panya hawezi, vumbi haiwezi. Watu wazima wawili tulisimama tukiitazama ile hotpoti kwa furaha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kazi ya hotpoti ni nini.

Alihamia Kalama siku ya Jumapili. Tulikubaliana mimi nifungue mlango asubuhi, niwashe taa, niwape wateja karatasi zikitoka, na skrini kubwa igeuzwe itazame mlangoni. Jumatatu Haji akaja. Bwana wa bucha alikuwa amesimama karibu, bila shughuli yoyote.

"Assalamu alaykum," Haji akasema, akichungulia chumbani asione mtu.

Skrini ikaanza kuandika yenyewe kwa herufi kubwa kama za bango. WAALAY. Kisha ikasimama. Haji akangoja. Mimi nikatabasamu kwa niaba ya mashine. Skrini haikusogea tena. Nikaenda kufungua kifuniko cha hotpoti, na joto lililotoka humo lingepasha chapati za familia.

Simu yangu ikalia. "Fundi, mbona sioni kitu?"

"Imeiva," nikamwambia.

Haji hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa ya polepole. "Fundi, hii ni salamu iliyokatika njiani. Sitasema nimeitikiwa, wala sitasema sikuitikiwa. Nitarudi Ijumaa kabla ya swala. Siku hiyo nataka kujua kama mle ndani mna mtu au mna ghala." Bwana wa bucha akaniomba futi. Nilimwambia imepotea, na ilikuwa shingoni mwangu.

Nasikia kule Kalama Mama Saiba alilia mbele ya mama yake, akamweleza yote, hotpoti na ndoano na Ijumaa. Susu alikuwa kitandani akisuka kyondo, kikapu cha Kikamba, kama wanawake wa umri wake wanavyosuka wakati wowote mikono haina kazi. Aliuliza hicho kitu ni kikubwa kiasi gani. Akaonyeshwa kwa viganja. Akasema kitu chenye joto hakifungiwi, kinaachwa kipumue. Akasuka kyondo kidogo chenye macho mapana, mdomo mwembamba na kifuniko. Alhamisi jioni kilinifikia kwa boda boda. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba mteja mmoja aliuliza bei. Nikaitoa kompyuta ndogo kwenye hotpoti, nikaihamishia humo.

Ijumaa kijia kilijaa. Wapangaji wote walikuwa milangoni, na waliokuja sokoni waliona kundi wakajiunga bila kujua ni kwa ajili gani. Haji alifika na kanzu yake nyeupe ya swala. Akafungua mdomo kusalimu, na stima ikapotea.

Watu waliguna. Bwana wa bucha alishindwa kuficha meno. Nikampa Haji kiti changu, akakaa, akaweka fimbo magotini. Tukangoja. Stima ikarudi, taa zikawaka, kompyuta ikabaki kimya na giza lake. Ndipo kidole kikaamka. Biro nyekundu ikasogea, ikagusa kitufe, ikateleza. Ikarudi nyuma. Ikasogea tena, na watu wote kijiani wakainama mbele nayo, Haji pia. Ikabonyeza. Kompyuta ikavuma, na mtu mmoja nyuma akapiga vigelegele kabla ya wakati, kwa maana skrini ilipowaka ilisema inasasisha mambo yake na tusiizime.

Simu ikalia. Nilikuwa na hofu hata nikaishika juu chini, lakini haikujalisha. "Naona!" sauti yake ilitoka mpaka nje. "Naona vile mnaona! Ambia Haji asiende, iko nusu!"

Haji akajibu kwa utulivu kwamba haendi popote, goti limekaza.

Hatimaye skrini ikafunguka. Haji akainuka kwa shida, akasimama mlangoni, akasema salamu yake upya kama inavyostahili. Na herufi zikaja, moja baada ya nyingine, bila kusita.

WAALAYKUM SALAAM HAJI. UMEAMKAJE? NYUMBANI WAKO AJE? NA GOTI LIMESEMAJE NA HII BARIDI?

Haji alisoma mpaka mwisho, kisha akasoma tena. Alivua miwani. "Ameniuliza goti," alisema. Alisema kama mtu anayetuarifu jambo zito. "Nina watoto sita. Hakuna anayeniuliza goti." Akamgeukia bwana wa bucha. "Ghala haliulizi goti. Chumba kina mtu."

Halafu akafanya jambo ambalo hatukulitarajia. Akasema salamu iliyoandikwa hujibiwa kwa kuandikwa, akavuta kiti mbele ya kibodi ya Mama Saiba, akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Aliandika Kiswahili cha kwao chenye mikato na nukta zake zote. Kila alipokosea alifuta hadi mwanzo. Bwana wa bucha alichoka akaenda zake Mlolongo. Adhana ilipolia, Haji alikuwa amefika kwenye neno "limekaza".

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila asubuhi skrini inaitikia, Haji anaketi, anajibu. Chumba kilibaki cha Mama Saiba, na mimi mashati yangu yakabaki meupe.

Nisikufiche, kufanya kazi kando ya mtu aliye Kalama ni taabu. Alikuwa ameweka kamera ndogo ya kutazama mlango, na kamera hiyo iliona nusu ya meza yangu. Nikipumzika kidogo, skrini iliandika kwa herufi zile za bango, FUNDI HIYO MANDAZI NI YA NGAPI? Watu wa benchi walisoma kwa sauti. Mgeni mmoja aliketi kwenye kompyuta ile bila kuambiwa, akaona kishale kinatembea chenyewe na maneno yanajitokeza, KAA VIZURI UTAUMWA NA MGONGO. Alikimbia akaacha kandambili moja. Kwa sifa za uchawi tulizonazo Wakamba mbele ya makabila mengine, ungetegemea hilo. Aliporudi kuichukua, akinyata, alikuta HABARI YA ASUBUHI. Akaitikia akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akaulizwa habari za nyumbani.

Nilimkumbusha siku moja kuhusu rimoti ya televisheni iliyofungiwa kabatini. Nilidhani nimemkamata. "Fundi, hiyo ni ya kukaa," alinijibu kwenye simu. "Hii yangu ni ya kuenda job."

Mara ya mwisho nitakayoisimulia ni siku niliyokwenda Kalama mwenyewe. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha, na nilikuwa nimemshonea Susu gauni pana linalofunguka ubavuni, la kumfaa mtu mwenye nyonga mbovu. Ilikuwa Jumamosi, na mke wangu alikuwa amebaki dukani kutoa karatasi. Nilipofika niliikuta laptopu kwenye dirisha la jikoni, mahali pa pekee nyumba ile inaposhika mtandao, na skrini yake ikionyesha kijia chetu. Lakini aliyekaa mbele yake hakuwa Mama Saiba. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, leso kichwani, fimbo ya kutembelea imeegemea ukutani, kikombe cha uji mkononi. Alinitazama, akatazama skrini, akanitazama tena.

"Wewe ni wa cherehani," akasema.

"Ndiyo, Susu. Shikamoo."

"Marahaba. Unakula mandazi sana."

Nikampa gauni, akalipapasa mishono kwa vidole vya mtu anayejua kazi ya mkono, akasema ni nzuri kuliko koti nililomshonea yule wa bucha, ambalo linambana makwapani. Nikamuuliza amelionaje. Akanionyesha skrini kwa kidevu, kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. Akanieleza kijia chetu kuliko ninavyokijua. Bwana wa bucha bado hupita akitazama chumba, lakini sasa husalimu. Haji amebadili viatu, hivi vipya vinamuumiza mguu wa kushoto, na mtu amwambie. Mke wangu ana adabu, mimi sijui nilimpata wapi.

Mama Saiba aliingia kutoka zizini na mzigo wa majani, amekonda kidogo, sauti ile ile. Alinisalimu na habari zote, mpaka za cherehani yangu. Akatupakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Aliniambia Susu sasa anatembea mpaka zizini na kurudi, na daktari amefurahi. Kisha akashusha sauti, jambo ambalo sikujua anaweza, akasema anaogopa. Mama akipona, yeye atarudi mjini, na akirudi mjini mama atabaki peke yake tena, matope ni yale yale. Mashine imeokoa duka. Hilo lingine hajui aliundie nini.

Susu alikuwa akila bila kugeuka kutoka dirishani. Alimaliza sahani yake, akaisukuma kando.

"Jumatatu nitaenda town," akasema.

Mama Saiba aliweka sufuria chini. "Town gani?"

"Kwako. Mtafute gari ya kunibeba, si boda boda."

"Mwaitu! Nimekuomba kutoka zamani! Nimepiga simu mpaka nikachoka! Si wewe ulisema huko ni mawe na moshi?"

"Ni mawe na moshi," Susu akasema. "Si nayaona? Lakini ulikuwa unanieleza maji ya mfereji na hospitali. Hukuniambia kuna watu."

Mama Saiba alikaa kwenye kigogo cha jikoni akajifunika uso kwa leso, na mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa analia na kucheka, vyote pamoja, na kwa sauti yake mbuzi zilijibu kutoka zizini. Nami macho yalinilowa, nikasingizia moshi wa jiko. Susu hakutujali. Alinigeukia na kuniuliza kama gari litaingia mpaka kijiani, au litamshusha kwa barabara. Kisha akaniambia nikirudi leo nimwambie Haji asogeze kiti chake kidogo upande wa benchi, maana yeye atakaa pale karibu na mlango.